Nani Alimfundisha Ndege Kumjua Mtoto Wake?



Katika vikao vyetu kuna maneno yanayorudi mara kwa mara: "Damu ni damu. Mama anamjua mtoto wake bila kufundishwa." Yakisemwa kwa furaha, siku mtoto anapozaliwa, hayana ubaya. Lakini siku nyingine yanageuka kisu. Mama amepokea mtoto wa dada yake marehemu, au mtoto aliyepotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita, na jirani anamwambia: "Huyu si wa tumbo lako. Hatakuzoea kamwe." Wamama wengi wamelala na maneno hayo moyoni.

Je, ni kweli kwamba damu ndiyo inayotambua? Wiki hii tunatafuta jibu mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kutafuta: kwa ndege wa baharini. Nchi yetu ina kipande kidogo tu cha pwani, kule Moanda, na wengi wetu tumekua mbali nacho. Lakini wamama wa Uvira na Kalemie wanamjua shakwe, yule ndege mweupe mwenye mabawa ya kijivu anayefuata mitumbwi ya wavuvi akitafuta ndakala. Basi, tuanze na ndugu zake wa baharini.

Kwa nini ndege hawa? Kwa sababu maisha yao yanawapa mtihani mgumu. Chakula chao kiko baharini, lakini yai lazima litagwe nchi kavu. Kwa hiyo wanakusanyika kwenye visiwa na miamba michache, maelfu kwa maelfu, wakibanana kama watu siku ya soko kubwa. Baba na mama wanapokezana: mmoja anabaki na mtoto, mwingine anaenda kuvua, pengine mbali sana. Anaporudi na samaki tumboni, kuna swali moja tu mbele yake: kati ya watoto hawa wote wanaolia njaa, wangu ni yupi? Akikosea, chakula kinaenda kwa mwingine na wake anakufa.

Kiota ndicho kinachoamua

Mtaalamu mmoja Mholanzi, Niko Tinbergen, alitumia miaka mingi akiwachunguza shakwe wakubwa wa pwani za Ulaya. Kazi yake juu ya mienendo ya wanyama ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Shakwe hao wanajenga kiota chini, kwenye majani, na mara nyingi wanataga mayai matatu. Mzazi ana mdomo wa manjano wenye doa jekundu. Kifaranga akidonoa doa hilo, mzazi anatapika chakula kwa ajili yake.

Tinbergen alitengeneza vichwa vya ndege kwa karatasi ngumu, akavionyesha kwa vifaranga waliotoka tu kwenye yai. Walidonoa kile chenye doa jekundu. Hata kijiti chembamba chekundu chenye mistari myeupe walikidonoa kwa nguvu. Maana yake nini? Kifaranga anazaliwa akijua kutafuta kitu chekundu. Hazaliwi akimjua mama yake.

Na wazazi je? Ukibadilisha vifaranga wa viota viwili katika siku za kwanza, shakwe anampokea mgeni na kumlisha bila shida. Lakini siku kama tano zikipita, mlango unafungwa. Mzazi amekwisha kuwajua walio wake, na mgeni anafukuzwa, hata kudonolewa. Kwa nini siku tano? Kwa sababu wakati huo ndipo watoto wanapoanza kutembea na kujificha kwenye majani, wakichanganyika na watoto wa majirani. Mbele ya hapo, mzazi hana haja ya kujua sura. Aliye ndani ya kiota changu ni wangu, basi.

Sasa tumwangalie shakwe mwingine, mdogo zaidi, anayejenga kwenye kuta za miamba mirefu juu ya bahari. Kiota chake cha udongo na majani kimebandikwa kwenye ukingo mwembamba sana. Kifaranga akipiga hatua moja vibaya, anaanguka baharini. Kwa hiyo hatembei. Anakaa pale pale wiki kama sita, mpaka aweze kuruka. Mwanamke mtaalamu, Esther Cullen, aliwachunguza ndege hao kwenye visiwa vya Farne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akaandika habari zao mwaka 1957. Aliona kwamba katika wiki za kwanza wazazi hao hawatofautishi kifaranga wao na mwingine. Ukiweka mtoto wa jirani ndani ya kiota, wanamlea.

Ndege hawa wawili ni wa jamaa moja. Kinachowatenganisha ni mahali pa kiota. Yule ambaye watoto wake wanatembea, anajifunza upesi kuwatambua. Yule ambaye watoto wake hawawezi kutoka, hana haraka ya kujifunza.

Wanaozungumza na yai

Tuwaendee sasa wale wasiokuwa na kiota hata kidogo. Kwenye miamba ya bahari za kaskazini kuna ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani, anayeitwa gilemoti. Jike anataga yai moja tu, juu ya jiwe tupu, bila jani wala manyoya. Jirani yake amesimama karibu kabisa, bega kwa bega, naye ana yai lake. Mayai yanaweza kuchanganyika wakati wowote.

Msaada wa kwanza ni macho. Mayai ya gilemoti hayafanani. Moja ni la bluu, lingine kijani, lingine jeupe, na kila moja lina mistari na madoa yake. Jike mmoja anataga yai la sura ile ile mwaka hata mwaka. Mtaalamu wa Uswisi, Beat Tschanz, alijaribu kubadilisha mayai, akaona kwamba wazazi wanaangalia rangi na madoa, na wanajua lipi ni lao.

Lakini yai likipasuka, rangi hiyo haina kazi tena. Hapo sikio ndilo linalochukua zamu, nalo limeanza kazi mapema. Siku chache mbele ya kuanguliwa, kifaranga analia akiwa bado ndani ya ganda. Mzazi anainama na kumjibu. Wanaitana hivyo, mmoja nje, mwingine ndani. Tschanz alichukua mayai, akayaweka kwenye mashine ya kuangulia, akawasikilizisha vifaranga walio ndani ya ganda sauti ya ndege mmoja iliyorekodiwa. Walipotoka, waliifuata sauti ile waliyoizoea, wakaacha sauti nyingine.

Tuyapime maneno haya, wamama. Sauti iliyotoka kwenye mashine haikuwa na damu yoyote ndani yake. Vifaranga waliifuata kwa sababu waliisikia kila mara walipokuwa wakingojea kuzaliwa.

Na somo hilo la sauti lina siku yake ya mtihani. Akiwa na umri wa wiki tatu hivi, kabla hajaweza kuruka sawasawa, mtoto wa gilemoti anajitupa kutoka juu ya mwamba mpaka baharini, saa za jioni. Watoto wengi wanaruka jioni hiyo hiyo, na chini maji yamejaa kelele. Anayemngojea majini ni baba. Wanaitana mpaka wakutane, kisha wanaogelea pamoja kwenda bahari kuu, na baba anaendelea kumlisha kwa wiki nyingi. Kama hawakujifunza sauti mapema, mtoto amepotea.

Sauti katikati ya makelele

Mtihani mgumu kuliko wote ni wa pengwini mfalme. Anaishi kwenye visiwa vya baridi kusini mwa Bahari ya Hindi, kama vile Crozet na Kerguelen, ambavyo ni vya Ufaransa. Yeye pia hana kiota. Yai lake moja linakaa juu ya miguu, limefunikwa na mkunjo wa ngozi ya tumbo, na wazazi wanapokezana kulibeba siku 54 hivi. Mtoto akikua kidogo, wazazi wote wawili wanaenda baharini, naye anaachwa katika kundi kubwa la watoto wenzake, wote wakiwa na manyoya ya rangi moja ya kahawia. Wakati wa baridi kali, mtoto anaweza kukaa wiki nyingi bila kulishwa.

Mzazi akirudi, anatembea mpaka karibu na kundi na kuita. Pengwini maelfu wanaita kwa wakati huo huo. Upepo unavuma. Bado mtoto anasikia sauti moja kati ya zote, anainua kichwa, anajibu na kukimbia. Wataalamu wawili wa Ufaransa, Pierre Jouventin na Thierry Aubin, walirekodi sauti hizo, wakazikata, wakazibadilisha, kisha wakawasikilizisha watoto. Waligundua kwamba mtoto hahitaji wimbo mzima. Kipande kisichofika nusu sekunde kinatosha. Waligundua pia kwamba koo la pengwini huyo linatoa sauti mbili kwa pamoja, zinazokaribiana lakini zisizolingana, na mchanganyiko huo unakuwa kama alama ya kidole kwa kila ndege.

Wataalamu hao hao walilinganisha pengwini mfalme na pengwini wa aina nyingine wanaojenga kiota cha mawe madogo. Hao wenye kiota nao wanaitana, lakini wito wao ni rahisi zaidi. Mahali pa kukutana panajulikana, kwa hiyo sauti haibebi kazi yote. Asiye na nyumba ndiye aliyelazimika kuwa na sauti ya ajabu.

Pua katika giza

Kuna ndege wengine ambao macho hayawasaidii, kwa sababu wanarudi nyumbani usiku tu. Hao ni petreli, ndege wa bahari kuu wenye matundu ya pua kama vijibomba juu ya mdomo. Mmoja wao ni mdogo sana, uzito wake gramu 45 hivi. Anataga yai moja ndani ya shimo ardhini, na anangoja giza ndipo atue, kwa sababu mchana shakwe wakubwa wanaweza kumla. Je, anapataje shimo lake kati ya mamia ya mashimo?

Mwaka 1974, Thomas Grubb alieleza majaribio aliyoyafanya kwenye kisiwa cha Kent, nchini Kanada. Petreli waliozibwa pua walishindwa kurudi kwenye mashimo yao. Harufu ndiyo ilikuwa taa yao. Baadaye, mwaka 2004, Francesco Bonadonna na mwanamke mtaalamu Gabrielle Nevitt walionyesha jambo kubwa zaidi huko Kerguelen. Walimweka petreli wa aina nyingine kwenye njia panda, upande mmoja harufu ya mwenzi wake wa ndoa, upande wa pili harufu ya ndege mwingine. Alienda kwa mwenzi wake. Wamama wanaotambua shati la mume wao kabla ya kulitazama hawatashangaa.

Lakini pua hiyo inaweza kudanganywa. Petreli wanatafuta chakula baharini kwa kufuata harufu inayotoka kwenye vijimea vidogo vya majini vinapoliwa. Mwaka 2016, Nevitt na wenzake walionyesha kwamba plastiki ikikaa baharini, katika muda usiofika mwezi inaanza kutoa harufu hiyo hiyo. Ndege anameza plastiki akifikiri ni chakula, na kuna wanaomletea mtoto plastiki hiyo shimoni. Tusiseme bahari iko mbali. Maji ya Ziwa Kivu yanashuka Ruzizi mpaka Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga mpaka Lualaba, yanakuwa mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Machupa yanayoziba mitambo ya umeme Ruzizi tunayajua sisi wenyewe.

Madoa ya kifuani

Bara letu pia lina pengwini wake, kwenye pwani za Namibia na Afrika Kusini. Analia kama punda. Kifuani ana madoa meusi, na kila ndege ana mpangilio wake. Mwaka 2023, wataalamu waliowachunguza katika bustani ya wanyama karibu na Roma, Italia, walieleza kwamba pengwini hao wanamtambua mwenzi wao kwa madoa hayo. Walipoonyeshwa picha ya mwenzi, waliitazama zaidi kuliko picha ya mwingine. Madoa yalipofutwa kwenye picha, tofauti hiyo ilipotea.

Huyo wa kwetu yuko hatarini. Zamani alichimba kiota ndani ya tabaka nene la mavi ya ndege, mahali penye kivuli. Katika karne ya 19 watu walikwangua mavi hayo kwa ajili ya mbolea, na pengwini wengi wakabaki kutaga juani. Leo samaki wadogo anaowategemea wamepungua, na jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Mwezi wa kumi mwaka 2024 aliwekwa katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Kumtambua mwenzi na mtoto hakumsaidii kama anarudi tumbo tupu.

Na sisi wamama?

Tukusanye tuliyoyaona. Kwa ndege hawa, damu peke yake haikumtambulisha mtoto kwa mzazi. Kilichomtambulisha ni sikio, jicho au pua, na kiungo hicho kilijifunza kwa siku maalum, kwa kukaa karibu na kurudia. Penye kiota salama, somo lilichelewa bila hasara. Pasipo na kiota, lilianza hata ndani ya yai.

Mtoto wa mtu naye anajifunza hivyo. Mwaka 1980, huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wasiofikisha siku tatu wananyonya kwa namna inayowaletea sauti ya mama yao kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Sauti hiyo walikuwa wameisikia tumboni. Na mwaka 1975, huko Uingereza, Aidan Macfarlane alionyesha kwamba mtoto mchanga wa siku chache anageuza kichwa kuelekea kitambaa chenye harufu ya ziwa la mama yake. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kufuata shauri la Shirika la Afya Duniani: mtoto akizaliwa salama, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Lakini kuna tofauti moja kati yetu na shakwe. Kwake mlango unafungwa baada ya siku tano. Kwetu haufungwi. Mtoto aliyefika nyumbani akiwa na miaka miwili, au sita, bado anaweza kujifunza sauti mpya, harufu ya kikwembe kipya, hatua za miguu mlangoni jioni. Na mama aliyempokea anaweza kujifunza kilio chake: hiki ni cha njaa, hiki ni cha homa, hiki ni cha kumkumbuka aliyeondoka. Inachukua muda, na kwa mtoto aliyeona mabaya muda unaweza kuwa mrefu.

Kwa hiyo, kwa mama mwenye mtoto wa namna hiyo, tunashauri haya:

Umwite kwa jina lake kila siku, kwa sauti ile ile, hasa asubuhi na wakati wa kulala. Ukitoka, umwambie unatoka. Ukirudi, umwite kabla hujaingia.

Ukimbeba mgongoni, tumia kikwembe kimoja kwa siku za kwanza. Kama amekuja na nguo ya nyumbani kwao, usiharakishe kuitupa. Harufu ile ni kiota chake cha mwisho.

Umlishe wewe mwenyewe kadiri unavyoweza, mara nyingi, hata kama chakula ni kidogo. Usimpitishe mikono mingi katika wiki za mwanzo.

Na sisi majirani, tufunge midomo yetu. Mama anayejifunza mtoto, na mtoto anayejifunza mama, wanahitaji utulivu. Neno "si wako" ni kelele inayozuia wasisikilizane.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani analea mtoto asiye wa tumbo lake? Wiki hii tumsaidie kwa kazi gani, kusudi apate muda wa kukaa na mtoto huyo?

2. Katika nyumba ya kuzalia iliyo karibu nasi, je, mtoto anawekwa kifuani mwa mama mara anapozaliwa? Kama hapana, tuzungumze na wakunga kwa heshima.

3. Machupa na mifuko ya plastiki ya nyumbani kwetu inaenda wapi mvua ikinyesha?